Jibu: Nianzie wapi kutafuta historia ya bibi zetu wa kambini?

Dada, umeuliza uanzie wapi kutafuta habari za bibi zetu wa kambi za wafanyakazi wa migodi za Lubumbashi, maana vitabu vinataja wachimbaji tu. Anza na wazee walio hai, tena wiki hii hii. Makaratasi yanaweza kungoja.

Usimwombe bibi akusimulie "historia", atakupa ya mumewe. Muulize nani alimpokea kambini, alilima wapi, aliuza nini sokoni, posho ilipopungua watoto walikula nini. Hapo ndipo atafunguka. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na uandike jina lake mwenyewe, si Mama Fulani peke yake, kwa sababu kwenye daftari la ubatizo la parokia utamtafuta kwa jina hilo.

Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba na kuwa na kambi hizo, ilianza miaka ya 1920 kuhimiza wafanyakazi wakae na wake zao ili wasiondoke. Yaani mama hawa walikuwa ndani ya mpango wenyewe wa kampuni! Inaniuma kwamba mgomo wa Desemba 1941 tunaukumbuka kwa jina la Léonard Mpoyi, kiongozi wa wagomaji aliyeuawa, na anastahili, lakini waliobaki wajane nani anawataja?

Watafute pia walioishi bila mume. Serikali ya Wabelgiji iliwatoza kodi wanawake waliokaa mjini peke yao. Kule Usumbura, Bujumbura ya leo, wanawake Waislamu waliipinga miaka ya 1950. Ukimpata bibi wa Katuba au Kenya, mitaa ya Lubumbashi, anayeikumbuka kodi hiyo, tafadhali tuandikie.