Maswali yenu: moshi wa daladala, masega, vespa ya umeme na ile treni ya Bububu

Assalaam alaykum. Wiki hii maswali mengi ni ya usafiri na moshi, nadhani foleni za mjini zimewachosha watu. Nimechukua matano, wengine mtanisamehe.

Nna mtoto wa miaka sita ana pumu. Kila tukisimama kusubiri gari ule moshi mweusi unatupiga usoni, usiku halali kwa kukohoa. Una nini hasa? (Mama wa Mwanakwerekwe)

Pole sana mama. Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakuungua yakaisha. Gari ya dizeli filta ya hewa imeziba vumbi, nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini zimechoka, alafu imepakia mpaka utingo ananing'inia mlangoni, sasa injini inapewa dizeli nyingi na hewa haitoshi, inatema masizi. Ukiona moshi wa rangi ya buluu hapo inaunguza oili, hiyo ni kesi nyengine.

Na yale masizi unayoyaona kwenye kanzu si ndo mabaya zaidi, mabaya ni yale usoyaona, chembe za chini ya mikroni 2.5, na unywele mmoja una kama mikroni 70 kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, zinapita pua, zinapita koo, zinateremka mpaka ndani kabisa ya mapafu na nyengine zinaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake mpaka mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka, mwanzo ilikuwa 10. Moshi wa dizeli wenyewe tokea 2012 wataalamu wa saratani wa shirika hilo wameuweka daraja moja na sigara.

Mtoto wa miaka sita pua yake iko karibu na bomba la moshi kuliko yako, na anapumua haraka zaidi. Simama naye mbele ya gari, sio nyuma, na dawa yake ya kuvuta itembee kwenye mkoba siku zote, na kama usiku halali mrudishe kwa daktari usingoje. Lakini kubwa ni madereva kuzima injini wakiwa wanangoja abiria. Mie nshawahi kumuomba mmoja azime, akanambia starta mbovu, akizima mpaka isukumwe. Sasa hapo useme nini.

Fundi kanambia nitoe masega kwenye Noah yangu itakuwa nyepesi na mafuta itakula kidogo. Nitoe? (Dereva, Fuoni)

Usitoe yakhe. Yale masega, kile kisafisha moshi kilichomo kwenye bomba la gari, yamepakwa madini ya thamani, platinamu, paladiamu na rodiamu, ndo maana kuna watu wanayanunua, muulize fundi wako yakishatoka yanakwenda wapi. Kazi yake ni kuigeuza ile gesi ya monoksidi ya kaboni, inayoua watu kimya kimya, na gesi nyengine za sumu kabla hazijatoka nje. Gari ikiwa nzito kweli kwa sababu masega yameziba basi jua kuna kitu kimeyaziba, plagi mbovu au inakula oili, tibu hicho. Ukiyatoa tu utakuwa umetoa kengele ukaacha moto unawaka.

Kila siku tunaambiwa daladala zinachafua hewa. Mie nna gari yangu ndogo, safi, haitoi moshi. Kwa nini niambiwe nipande daladala? (Msomaji, Bububu)

Swali zuri na nimelipenda kwa sababu una haki nusu. Tufanye hesabu ya kukadiria. Kutoka kwako mpaka mjini tuseme kilomita 10. Gari yako ikila lita moja ya petroli kwa safari hiyo inatoa kama kilo 2.3 za kaboni dioksidi, na uko peke yako ndani. Daladala ya dizeli tuseme inakula lita moja na nusu, hiyo kama kilo 4, lakini mmekaa watu 20, kila mtu kilo 0.2. Yaani weye peke yako unatoa mara kumi na zaidi ya yule bibi aliyekaa na kapu lake la samaki. Alafu unachukua barabara ya watu wanne, foleni ile inawafanya wote waunguze mafuta wamesimama.

Nusu ya pili ya haki yako ni hii: kwa masizi, daladala mbovu inakushinda mbali. Kwa hiyo mie sikwambii uuze gari. Naona tunaanza vibaya, tunazungumza gari za umeme za mabilioni wakati hizi tulizonazo filta haibadilishwi. Gari ikaguliwe kwa kweli, iondoke kwa saa inayojulikana na sio mpaka ijae, na mtu asipakatwe na mwenzake. Dar mwendokasi ilipoanza 2016 wapo waliokuwa na gari zao wakaziacha nyumbani, haikuwa kwa kupenda mazingira, ni kwa sababu basi lina njia yake linaipita foleni. Ikija kujaa sana wengine wakarudi kwenye gari zao, na hilo nalo ni somo.

Nataka kununua vespa ya umeme, nafanya kazi Chake naishi Wete. Umeme wenyewe si unatoka bara na unakatika? (Dada wa Wete)

Unatoka bara kweli, Pemba mnaupata kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tokea 2010, na kule unazalishwa kwa maji na gesi. Hata huo wa gesi bado una faida, injini ya petroli inaigeuza kama robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo, iliyobaki joto, mota ya umeme inapita robo tatu. Na moshi mtaani hakuna.

Ila angalia masafa. Wete na Chake ni kama kilomita 30, kwenda na kurudi 60, na Pemba vilima unavijua. Vespa iliyoandikwa kilomita 60 itakuacha njiani, tafuta ya 90 au uwe na pahala pa kuchaji kazini. Chaji usiku, na betri usiiachie mpaka iishe kabisa.

Ni kweli Zanzibar kulikuwa na treni? Babu anasema, sie tunamcheka. (Mwanafunzi, Tunguu)

Muombeni radhi babu. Ilianza 1905, kampuni ya Kimarekani iliijenga, ikitoka karibu na Ngome Kongwe inapita katikati ya nyumba mpaka Bububu, kama kilomita 11. Serikali ikaja kuinunua 1911, na miaka ya 1920 barabara na magari zikaimaliza. Leo daladala namba 502 ndo inampeleka mtu Bububu. Na ndio, ilikuwa ya mvuke, nayo ilikuwa inatoa moshi vilevile.