Kaka wa miaka 51 anasahau kila kitu: tuliyopitia mimi na mume wangu

Pole sana mdogo wangu. Nimesoma maelezo yako yote. Kaka yako ana miaka 51, ni mwalimu wa sekondari huko Shinyanga, anauliza swali moja mara nne mfululizo, juzi kapotea njia akirudi nyumbani na pikipiki, na kazini ameshaandikiwa barua. Shemeji yako anaamini kuna mwanamke nje, wazee wameanza kutaja mganga. Umeuliza kama inawezekana ikawa dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomaliza kumbukumbu na akili, kwa umri huo, na kama ndivyo mfanye nini, na kama aendelee kuendesha pikipiki. Nakujibu kama mke wa mtu aliyeanza kuugua hivyo akiwa na miaka 54, wakati huo bado yuko kazini, na mtoto wetu wa mwisho yuko shule ya msingi.

Inawezekana. Kuna mkuu hapo juu kaandika kwamba huo ni ugonjwa wa vikongwe tu. Si kweli. Auguste Deter, yule mama ambaye kwa ugonjwa wake jina la daktari Alois Alzheimer likajulikana dunia nzima, alilazwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Umri wa kaka yako kabisa. Dalili zikianza kabla ya miaka 65, madaktari wanaiita dimensia ya mapema. Walio nayo ni wachache kuliko wazee, na wengi wao huchelewa kugundulika kwa sababu kila mtu pembeni ana maelezo yake: pombe, mawazo, mchepuko, kulogwa.

Kwetu maelezo yalikuwa wizi. Mume wangu alikuwa mtunza stoo, mtu wa hesabu na mwandiko mzuri. Stoo ikaanza kutokulingana na leja, akaitwa kwenye kamati ya nidhamu. Mwenzake mmoja mwenye huruma alinipa nakala za kurasa za leja. Mzigo uleule wa vipuri, uliopokelewa siku ileile, kauandika mara tatu, kila mara kwa utulivu na mwandiko wake uleule. Ukurasa uliofuata una tarehe tu, hakuna kingine. Mwizi haibi hivyo. Nilizibeba karatasi zile hadi hospitali, na daktari alizitazama muda mrefu kuliko alivyotusikiliza sisi. Kwa hiyo nanyi kusanyeni vitu vya namna hiyo: maandalio ya masomo ya mwaka juzi na ya mwaka huu, madaftari aliyosahihisha, meseji zake. Vinaonyesha kitu kilianza lini na kinakwendaje, na hakuna anayeweza kubishana navyo, hata wazee wa nyumbani.

Kuhusu vipimo, shika hili sana: yapo magonjwa yanayofanana na dimensia na yanatibika. Tezi ya thairoidi ikilegea, mtu anakuwa mzito na kusahau. Upungufu wa vitamini B12, kaswende iliyofika kwenye ubongo, VVU, pombe ya muda mrefu, uvimbe kichwani, sonona kali, vyote vinaweza kuleta picha hiyohiyo. Siku moja kwenye benchi la kliniki tulikaa na familia iliyomleta baba yao wakidhani ni kurukwa akili. Wiki kadhaa nyuma alikuwa ameanguka na bodaboda, akajifuta vumbi, akaendelea na kazi. CT-scan ilionyesha damu imevia chini ya fuvu. Walimpasua, na baadaye nilimwona anatembea mwenyewe. Kaka yako naye yuko kwenye pikipiki kila siku, muulizeni shemeji kama aliwahi kuanguka, hata kidogo. Ombeni rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, mkamwone daktari wa mishipa ya fahamu, na waambieni mnataka vipimo vya damu na picha ya kichwa. Na kama anatumia piritoni ili apate usingizi, aache mpaka daktari aseme. Dawa za aina hiyo zinamchanganya zaidi mtu ambaye kumbukumbu tayari inayumba.

Mume wangu alipimwa vyote hivyo, vyote vikawa safi, ndipo ikasemwa ni Alzheimer, aina mojawapo ya dimensia. Alipewa dawa iitwayo donepezil. Haizuii ugonjwa kusonga, ila kwa muda ilimrudishia utulivu fulani, na kwetu hilo halikuwa dogo. Wengine wa umri huu wanapata aina nyingine ya dimensia inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo. Hao mwanzoni wanaweza wasisahau chochote, wanabadilika tabia tu: mtu mstaarabu anaanza kutukana, anagawa hela ovyo, anakula sukari kupita kiasi, msiba hauumi tena. Donepezil haiwafai hao, ndiyo maana mjitahidi mjue ni aina gani badala ya kununua dawa kwa kusikia.

Sasa jambo ambalo ningekuomba ulishike kuliko yote. Msiyapange maisha ya kaka yako nyuma ya mgongo wake. Ndugu wa mume wangu walitaka asiambiwe, eti atakufa kwa mawazo. Daktari alikataa, akamwambia yeye mwenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida, mimi nikiwa pembeni. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Huyu mdogo yuko darasa la ngapi?" Nikamwambia la nne. Akasema basi tuanze kazi. Jioni ileile akachukua daftari. Akanitajia shamba lenye mgogoro wa mpaka na nani shahidi, waliomkopa, aliowakopa yeye, hati ziko wapi, neno la siri la simu, na mdogo wake yupi nimwamini kwenye mambo ya mali na yupi nisimwamini. Hakuna ndugu aliyekuwa anayajua hayo. Mwaka uliofuata asingeweza kuyasema. Mtu mwenye miaka 51 ana mikopo, ana watoto shuleni, ana nusu ya maisha ya familia kichwani mwake peke yake, na mwenye kuyatoa ni yeye, wakati bado anaweza.

Ndipo mwende kwa mwanasheria naye akiwepo. Wetu alitueleza kwamba hati ya kawaida ya kumpa mtu mamlaka ya kusimamia mali inamtaka anayetia saini awe anaelewa anachosaini, na akishapoteza uwezo huo kabisa hati hiyo inaweza isitoshe, mkajikuta mnaomba msimamizi mahakamani. Tulifanya na wosia.

Kazini msisubiri. Barua ya onyo ijibiwe kwa barua ya daktari. Kuachishwa kwa utovu wa nidhamu na kustaafu kwa sababu ya ugonjwa ni njia mbili tofauti kabisa, na moja ikishaamuliwa ni shida kuirudisha nyuma. Ombeni apelekwe kwenye jopo la madaktari, na muulizieni PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, kuhusu mafao ya ulemavu. Sisi tulipowasilisha ripoti, mashtaka ya stoo yalifutwa na akastaafishwa kwa afya. Siku alipoletewa barua ile aliisoma kwa sauti, akarudia palipoandikwa kwamba hakuna hasara aliyoisababisha kwa makusudi.

Simu ni jipu jingine. Zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii" mimi na wewe tunazifuta, yeye atatuma. Na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, haipati mteja mwepesi kama mgonjwa mwenye mshahara. Tulikubaliana naye hela kubwa ikae kwenye akaunti yenye saini mbili, kwenye simu ibaki ya vocha na soda. Hakuona amenyang'anywa kwa sababu wazo la saini mbili lilikuwa lake.

Nyumbani utajifunza siku kwa siku, siwezi kukumalizia yote. Usibishane naye. Mume wangu alianza kumuulizia mama yake, marehemu wa siku nyingi, na kila alipoambiwa ukweli ule ulikuwa msiba mpya. Sasa namwambia, "Hebu nieleze, mama alikuwa anapika nini Jumapili?" na tunaongea kuhusu mama mpaka atulie. Jua likielekea kuzama ndipo anahangaika zaidi, basi saa kumi jioni tunatembea kabla hajaanza. Mtungi wa gesi unafungwa usiku. Bodaboda wa kijiweni, mwenye duka na mjumbe wana picha yake na namba yangu, na zaidi ya mara moja wamemrudisha kwa heshima, wanamwambia "mzee tunakwenda huku."

Mwili wake bado una nguvu, hawezi kukalishwa sebuleni kama mgeni. Nina kiduka hapa nyumbani. Kupanga bidhaa ni kazi yake: sabuni na sabuni, zinazoharibika mapema mbele, lebo zote zinatazama mteja. Anaweza kuzipanga, kuzishusha na kuzipanga upya asubuhi nzima, na simzuii. Kaka yako ni mwalimu. Mpeni chaki na ubao na mtoto mdogo wa kufundishwa herufi, mkae karibu.

Watoto wenu wataogopa, "na sisi je?" Kuna familia ambazo ugonjwa huu hurithiwa moja kwa moja, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Zinajulikana sana familia za Antioquia, Colombia, ambako watu wanaanza kuugua katikati ya miaka ya 40. Lakini wagonjwa wengi, hata wa umri mdogo, hawamo kwenye kundi hilo. Kama babu, baba na shangazi waliugua hivyo wakiwa vijana, mwambieni daktari. Kama hakuna, watulizeni watoto.

Shemeji yako atachoka vibaya, na amekwisha kuumia kwa kudhani anasalitiwa. Mwelezeni yeye kwanza kabla ya wazee. Kisha mgawane siku. Mdogo wa mume wangu humchukua Jumamosi, wanakwenda kunyoa halafu mpira, nami nalala. Maombi hatukuacha, jumuiya yetu huja kusali nasi, lakini hakuna aliyeruhusiwa kumfungisha, kumpiga pepo wala kumwachisha dawa.

Pikipiki aiache leo, msisubiri majibu ya Bugando. Mtu aliyepotea kwenye njia ya kila siku anaweza pia kushindwa kukadiria lori linalokuja. Nyie ndugu pangeni zamu ya kumpeleka na kumrudisha, na funguo akukabidhi wewe mwenyewe kwa mkono wake, baada ya kuelezwa kwa nini.