Kabla Hujamfungia Mgonjwa Kifungo

Wiki ya pili ya mafunzo kazini nilikabidhiwa mzee aliyepata kiharusi, upande wa kulia umepooza, na maneno nayo yamempungua. Asubuhi ile tulikuwa na jambo moja tu: avae shati. Mkono wa kushoto ukahangaika na kifungo cha kwanza mpaka kikaingia. Cha pili kikagoma. Mzee akashusha pumzi, mimi nikaona haya kwa niaba yake, nikavifunga vyote vilivyobaki chapuchapu. Kisha nikaandika kwenye faili: "Mgonjwa amevaa shati."

Msimamizi wangu akasoma, akanigeukia. "Nani amevaa shati?"

Nilibaki kimya. Ninyi mnaoanza kusomea usaidizi wa tiba kwa vitendo, yaani kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku, nawaambieni mapema, swali lile ndilo kozi yenyewe. Wengi wetu tunaingia fani hii kwa huruma. Si vibaya, ila huruma ina haraka, na kazi hii haiitaki haraka. Mgonjwa akihangaika mbele yako, vidole vitakuwasha kumsaidia. Msimamizi alinifundisha dawa yake: shika mikono yako nyuma ya mgongo, hesabu kimoyomoyo hadi 20. Ukifika 20 na bado amekwama, mwelekeze kwa neno moja. Likishindikana, mwoneshe kwa ishara. Kumgusa ni hatua ya mwisho, na hata hapo unaushika mkono wake, si kifungo. Hatari ya kuanguka haimo kwenye hesabu hiyo. Akiyumba unamdaka papo hapo.

Siku ile nilipaswa kufanya nini? Kuna njia ya kufundisha kuanzia mwisho. Unamsaidia hatua zote, unamwachia ile ya mwisho tu: kifungo kimeshaingizwa nusu, yeye anakivuta kitokeze. Akiimudu, unamwachia mbili, kisha tatu. Kila siku anamaliza yeye, na mtu aliyemaliza kitu mwenyewe hurudi kesho akiwa na hamu. Mimi nilifanya kinyume: nilimwacha aanze, nikamnyang'anya mwisho.

Kuhusu nguo, kanuni ni fupi: mkono dhaifu huingia kwanza wakati wa kuvaa, hutoka mwisho wakati wa kuvua. Wala usimvute mgonjwa wa kiharusi kwa mkono uliopooza, hata kumsogeza kidogo kitini. Misuli inayolishikilia bega imelegea, bega linaweza kuachia, na maumivu yake yatawarudisha nyuma wote wawili.

Jina la fani litawasumbua. Wengine huiita tiba kazi, na ukiitaja hivyo mtu atakuuliza kama unawatafutia watu ajira. Kazi inayosemwa hapa ni kila kinachoijaza siku ya mtu: kuoga, kula, kuandika, kwa mtoto hata kucheza. Wenzetu wa fiziotherapia hushughulika zaidi na nguvu na mwendo. Sisi tunauliza nguvu hiyo imrudishie mtu jambo gani. Mtaingiliana, msigombane.

Mpaka ulio muhimu zaidi ni ule kati yako na mtaalamu unayefanya kazi chini yake. Yeye hufanya tathmini, huifasiri na kuandika mpango. Wewe unautekeleza, unachukua vipimo ulivyoelekezwa, unaripoti unachokiona. Kulifanya zoezi gumu au jepesi kidogo kulingana na hali ya siku hiyo, ruksa. Kubadili lengo kimyakimya kwa kuwa umelichoka, hapana. Rudi kwake, mzungumze. Utakaa na mgonjwa muda mrefu kuliko yeye, kwa hiyo macho yako ana haja nayo. Ukigundua, kwa mfano, mgonjwa anakula chakula cha upande mmoja wa sahani na kuacha nusu nyingine kana kwamba haipo, hiyo ni habari kubwa. Usiipuuze ukidhani ameshiba.

Darasani, anatomia ndiyo huwaangusha wengi. Mkono una mifupa 27 kuanzia kifundo cha kiganja hadi ncha za vidole, na kuikariri kitandani usiku wa manane hakusaidii. Jishike mwenyewe. Nilizijua neva za mkono siku nilipoacha kuzisoma nikaanza kuzitafuta kwenye ngozi yangu: ganzi ikiwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, mshuku neva ya mediani, ikiwa kwenye kidole cha mwisho, mshuku neva ya alna.

Zoezi la kuchambua shughuli nalo lisikudanganye kwa urahisi wake. Tuliambiwa tuandike hatua za kupiga mswaki. Nikaandika 6, nikaweka kalamu chini kwa madaha. Mwenzangu alipita 20, na alikuwa bado hajafika mdomoni. Kufungua kifuniko tu kunataka mikono miwili. Mwenye mmoja afanyeje? Jaribu kabla hujamfundisha mtu. Funga mkono unaoutumia kila siku, kisha uvae, ule, ufunge kamba za viatu. Ukishatoka jasho utaacha kuwaambia wagonjwa "ni rahisi tu".

Mafunzo kazini huchukua muda wake. Marekani, kwa mfano, ni angalau wiki 16 za muda wote. Huko ndiko utakakojifunza kuandika. "Ameendelea vizuri" hakumwambii mtu kitu. Andika amefanya kiasi gani mwenyewe: akifanya asilimia 75 au zaidi ya juhudi, huo ni usaidizi mdogo, kati ya 50 na 74, wastani, kati ya 25 na 49, mkubwa. Andika na umemwelekeza mara ngapi. Kwa kipimo hicho, shati la mzee wangu lilivaliwa na mimi.

Wiki iliyofuata tulirudi kwenye shati lilelile. Mikono nyuma, nikahesabu mpaka namba zikanipotea. Dakika 11. Alipomaliza, kifungo cha juu kilikuwa kimeingia tundu la pili, kola imepanda shingoni upande mmoja. Akajitazama kwenye kioo, akacheka, akaanza kuvifungua.