Kaka yuko Texas, mihogo iko Nachingwea: risasi ipi?

SWALI: Anko shikamoo. Niko Nachingwea, kaka yangu anaishi Texas huko Marekani. Jirani yake anafuga mbuzi na koyote wanamaliza vitoto, kamwambia kaka twende tukawinde wote ila uje na bunduki yako. Kaenda dukani kakuta bunduki za saizi tatu za risasi, .223, .22-250 na .243, kachanganyikiwa kanipigia mimi, eti kwa vile marehemu baba alikuwa na gobore. Achukue ipi? Na mimi huku nguruwe na nyani wananimalizia mihogo, hiyo hiyo ya kaka itanifaa?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na mihogo, najua inavyouma kuamka asubuhi ukakuta matuta yamefumuliwa.

Tuanze na koyote maana huku hatuna. Mchukulie kama bweha aliyekua zaidi, kilo 9 mpaka 20 hivi, mwembamba tu ila manyoya yanamdanganya mtu. Mnyama wa hivyo hataki risasi nzito, anataka risasi yenye kasi inayokwenda imenyooka, kwa sababu sehemu nyingi za kule ni wazi, anatokea mita 150 au 200, anasimama anakuangalia, ukizubaa kashapotea na huna muda wa kupiga hesabu risasi itashuka kiasi gani.

Kaka achukue .223 Remington. Kichwa, yaani kile kipande cha risasi kinachoruka, cha greni 55, sawa na gramu 3 na nusu hivi, kinatoka mtutuni karibu mita 990 kwa sekunde, na darubini ikishalinganishwa ili risasi igonge penyewe kwenye mita 180 basi kwenye mita 270 risasi inashuka chini ya shibiri moja tu. Haina teke, na kizuri zaidi risasi zake zimejaa kila duka kule na bei yake ndogo kuliko hizo nyingine, kwahiyo atafanya mazoezi mengi, na mtu aliyepiga mazoezi risasi mia mbili anamzidi mwenye bunduki ya gharama aliyepiga kumi.

.22-250 ni kali kweli, inapita mita 1,100 kwa sekunde na upepo hauisumbui sana, kama jirani ana uwanda mkubwa wa kupiga mita 300 basi sawa, ila mtutu unachemka haraka na unakwisha mapema. .243 ilitoka 1955, ni ganda la risasi kubwa zaidi, .308, lililobanwa shingo, inabeba vichwa vyepesi na vizito, achukue hiyo kama anataka pia kuwinda kulungu wa kule kwa bunduki moja, ila kwa koyote inatoboa ngozi vibaya na kama jirani anauza ngozi atanuna. Ile ndogo ya .22 ya sungura aiache kabisa, itamjeruhi koyote akafie vichakani kwa mateso.

Aangalie na kichwa chenyewe. Anunue vile vya wanyama waharibifu, vyenye ganda jembamba la shaba vinavyopasukia ndani ya mnyama, mara nyingi havitokei upande wa pili, ngozi inabaki nzima na mbuzi wa jirani wanabaki salama.

Sasa hapo hapo ndipo jibu lako wewe lilipo, na jibu ni hapana. Niliwahi kufuatana na jamaa mmoja upande wa Liwale, kibali tunacho, akampiga nguruwe dume begani kwa .223 yenye kichwa hicho hicho cha kupasuka, jioni jua limeshazama. Nguruwe akaguta akaingia kwenye mihogo. Asubuhi tukafuata damu, tone kwenye jani, tone kwenye jani, halafu ikakata, tumekuja kumkuta karibu na saa sita yuko hai, kajibanza kwenye kichaka, akatutokea na meno. Alipochunwa tukaona vipande vya shaba vimesambaa kwenye nyama ya bega kama mchele, hakuna hata kimoja kilichofika kwenye mbavu. Mpaka leo sisahau lile bega. Nguruwe wa kilo 70, 80 anataka .308 yenye kichwa kigumu, au shotgani namba 12 kwa karibu, na mpigaji anayejua.

Na usiende kununua chochote kwanza. Nguruwe na nyani ni mali ya umma hata wakiwa katikati ya shamba lako, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya ukaripoti, yeye ndiye anajua aje askari au mfukuze tu. Halafu fikiria mikorosho ya jirani, msimu huu watu wameinama chini wanaokota, na hata ile .22 ndogo kabisa inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja isipopata cha kuizuia.

Gobore la marehemu umelitaja kidogo tu lakini mimi limenishtua. Kama bado liko ndani, lipeleke polisi ukaeleze, leseni ya baba hairithiwi. Fanya hivyo wiki hii tafadhali.

SWALI: Mimi ni mlinzi hapa Mtwara mjini, wenzangu wanasema .223 na 5.56 ni kitu kimoja, kweli?

JIBU: Ukiziweka mezani zinafanana mno, ila 5.56 ya jeshi inajazwa presha kubwa zaidi na chemba ya bunduki yake, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, imeachiwa nafasi mbele ya kichwa. Bunduki iliyoandikwa 5.56 inakula zote mbili, iliyoandikwa .223 peke yake usiitilie 5.56. Maandishi yako kwenye mtutu karibu na chemba, futa vumbi usome kabla hujapakia.