Wapnar wa Meghalaya: vibanda saba na bibi mmoja

Mmeniuliza mengi kuhusu Wakhasi wa jimbo la Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India. Wengi wenu mnataka kuwajua Wapnar, basi naanza nao.

Wapnar ni Wakhasi au ni kabila jingine?

Ni Wakhasi wa mashariki. Wao pamoja na Wakhynriam, Wabhoi, Wawar na Walyngngam hujiita Hynniewtrep, yaani vibanda saba. Jina lao jingine, "Wajaintia", limetokana na ufalme uliowatawala hadi Waingereza walipouteka mwaka 1835. Mji wake mkuu, Jaintiapur, sasa uko Bangladesh.

Walitoka wapi?

Wazee husimulia kwamba koo 16 zilikaa mbinguni, zikawa zinapanda na kushuka kwa ngazi ya dhahabu juu ya kilima cha Lum Sohpetbneng. Ngazi ilipokatika, saba zilibaki duniani, ndizo vile vibanda saba, na tisa zikabaki juu. Lugha nayo ina habari yake. Majirani zao wote husema lugha za jamii nyingine, lakini Kikhasi na Kipnar ni ndugu wa Kimon cha Myanmar, Kikhmer cha Kambodia na Kivietinamu. Mkhasi humwita ndege *sim*, Mvietinamu *chim*. Jicho kwa Kikhasi ni *khmat*, kwa Kivietinamu *mắt*. Mtu haazimi jina la jicho lake sokoni! Kwangu huu ni ushahidi mzito.

Wagaro, majirani wa magharibi, nao hufuata ukoo wa mama kama Wakhasi. Ni ndugu zao?

Kwa desturi wanafanana; kwa lugha, hapana. Kigaro ni jamii moja na Kibodo, lugha ya jimbo jirani la Assam.

Mtoto wa Mkhasi na mgeni huhesabiwa wapi?

Swali hili nimelipenda kuliko yote. Mama akiwa Mkhasi, mtoto ni wa *kur*, ukoo wa mama yake, baba awe nani. Wenyewe husema *long jaid na ka kynthei*: ukoo hutoka kwa mwanamke. Kila kur humheshimu Ka Iawbei, bibi aliyeuanzisha, na kuoana ndani ya kur ni *sang*, mwiko mkubwa.

Mama akiwa mgeni, lipo tambiko la *tang jait*, na ukoo mpya huanzia kwake. Ndiyo maana majina mengi ya koo huanza na Khar, kutokana na *dkhar*, mtu wa kutoka tambarare. Yule bibi aliyepanda milimani akaolewa huko ndiye Iawbei wao, na kizazi chake ni Wakhasi kamili.