Presha ya Jicho Ikiwa 19, Je, Niko Salama?

SWALI: Mama yangu amepoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kushoto kutokana na glakoma. Mimi nina umri wa miaka 42 na macho hayaniumi. Nilipimwa kwa mashine inayopuliza hewa, nikaambiwa presha yangu ni 19, yaani ya kawaida. Je, niko salama? Na je, naweza kutumia matone ya mama ili kujikinga?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana kwa yaliyompata mama. Umefanya vyema kupima, lakini namba hiyo peke yake haitoshi kukuondolea shaka, hasa kwa kuwa mzazi wako anaugua glakoma, yaani ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, mara nyingi kwa sababu ya presha kubwa ndani ya jicho.

Ni kweli kwamba presha ya macho ya watu wengi huwa kati ya 10 na 21, kwa kipimo cha milimita za zebaki. Hata hivyo, presha hiyo hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na mtu ambaye konea yake, yaani kioo cha mbele cha jicho, ni nyembamba, anaweza kusomewa namba iliyo chini ya presha yake halisi. Tena wapo wagonjwa ambao mshipa wa fahamu wa jicho huharibika ingawa presha yao haijawahi kuvuka 21. Kutosikia maumivu nako si dalili ya usalama, kwa maana aina ya glakoma iliyoenea zaidi kwetu hula uoni wa pembeni kwanza, polepole, huku jicho moja likiziba pengo la jingine, na kilichopotea hakirudi, tofauti na mtoto wa jicho ambaye huondolewa kwa upasuaji.

Kwa hiyo nakusihi umwone daktari wa macho na umweleze habari za mama. Mwombe apime presha tena kwa kifaa kinachogusa konea baada ya kutiwa dawa ya ganzi, apime unene wa konea, auchunguze mshipa wenyewe, na apime upana wa uoni wako. Ukitiwa matone ya kupanua mboni, usiendeshe gari siku hiyo. Ndugu zako wa tumbo moja nao wapimwe.

Kuwahi kuna faida iliyothibitishwa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu wenye presha ya juu ya macho ambao macho yao hayajaharibika walifuatiliwa kwa miaka mitano: waliopewa matone walipata glakoma kwa asilimia 4.4, na wasiopewa kwa asilimia 9.5.

Matone ya mama usiyaguse. Baadhi yake, kama timolol, yanaweza kubana pumzi za mwenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo. Isitoshe, yatashusha presha yako kabla hujapimwa, na daktari atasoma namba isiyo yako.