Jibu: Kozi ya miezi sita ya "unesi msaidizi", nilipe ada?

Salaam, dada wa Tukuyu. Umesema una cheti cha kidato cha nne, chuo kimoja hapo Mbeya mjini kinataka ada ya kozi ya miezi sita, na unauliza kama serikali itakuajiri nayo.

Shikilia hela yako kwanza. Serikalini kazi hiyo ya kumsaidia nesi huitwa mhudumu wa afya, na matangazo ya ajira ya mhudumu wa afya daraja la II hutaka kidato cha nne na mafunzo ya mwaka mmoja ya fani ya afya, chuo kinachotambuliwa. Miezi sita hapo inakwama. Hakiki chuo na kozi NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, si kwenye bango la stendi.

Kazi yenyewe naifanya huku Iringa: kutandika vitanda, kulisha na kuogesha wasiojiweza, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia, kupeleka sampuli maabara na shuka dobi. Mwezi wa saba alfajiri maji ya bomba ni barafu, ukimwogesha bibi nayo atakununia mpaka aruhusiwe. Chemsha mapema. Sindano usiguse hata nesi akikubembeleza; hiyo ni ya aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Mshahara uko ngazi za chini kabisa za kada ya afya. Ukienda hospitali binafsi, dai mkataba wa maandishi na uulize kama michango ya NSSF inapelekwa.

Biolojia, Kemia na Fizikia ulipata ngapi? Kama zote ni D kwenda juu, mimi ningejipanga nikasome unesi wenyewe.